Kache ya Kivinjari kwenye Tovuti ya HTTPS: Bado Ina Kazi, na Hivi Ndivyo Inavyopangwa

Swali hili haliishi kwa vijana wanaotengeneza tovuti hapa Tanga, wawe wa Chumbageni, wa Makorora au wa Pangani: "Kaka, tovuti ikishawekewa HTTPS si kila kitu kimesimbwa? Kache ya kivinjari itahifadhi nini tena?" Wengine hawaulizi hata. Wanaweka cheti, wanaona kufuli limetokea, wanaacha mambo ya kache, yaani akiba ya mafaili ambayo kivinjari huiweka kwenye kifaa cha mgeni, wakiamini yamekwisha. Mteja wao ndiye anayelipia, bando likiisha kwa kupakua nembo ileile kila akifungua ukurasa.

Jibu ni kwamba kache inafanya kazi vilevile, na kwa tovuti salama umuhimu wake umeongezeka. HTTPS, yaani usimbaji wa mawasiliano kati ya kivinjari na seva, inalinda data ikiwa njiani tu. Ni kama mzigo unaopakiwa kwenye basi Dar es Salaam ukiwa umepigwa lakiri: konda hajui kilichomo, lakini ukifika Tanga mwenyewe anaufungua na kupanga vitu kabatini kwake. Kivinjari ndicho mwenye mzigo. Kikishafungua usimbaji, kinaamua cha kuweka kwenye diski na cha kutupa, kwa kufuata maagizo ya seva yako. Usipotoa maagizo, kinakisia.

Dhana ya kwamba HTTPS inaua kache ilikuwa na chembe ya ukweli zamani. Kabla ya toleo la 4 la mwaka 2011, Firefox haikuandika faili za HTTPS kwenye diski mpaka seva iseme wazi kwamba ni za umma. Hilo limepita. Kilichobaki kweli ni hiki: mashine za katikati haziwezi tena kutusaidia. Kafe nyingi za intaneti na maabara za shule zilikuwa na kompyuta moja yenye programu kama Squid, ikihifadhi faili kwa ajili ya wote. Mmoja akifungua tovuti, wa pili anaipata hapohapo bila kwenda nje. Tovuti zilipohamia HTTPS, kompyuta ile ikawa haioni kinachopita. Akiba ya karibu iliyobaki kwa mgeni wako ni ya kivinjari chake mwenyewe.

Na safari ni ndefu. Kama seva yako iko Ulaya Magharibi, kutoka Tanga ni zaidi ya kilomita 6,000. Mwanga ndani ya fiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 60, na njia halisi ya nyaya ni ndefu zaidi ya hapo. Kabla faili la kwanza halijaombwa, muunganisho wenyewe unahitaji safari moja ya kufunguliwa, kisha moja ya kukubaliana usimbaji kwa TLS 1.3 (TLS ndiyo itifaki inayosimba ndani ya HTTPS), au mbili kwa TLS 1.2. Faili lililoko kwenye kache na ambalo muda wake haujaisha halina safari hata moja.

Mahitaji kabla ya kuanza

- Ruhusa ya kuingia kwenye seva yako, iwe kwa cPanel (jopo la kusimamia tovuti kupitia kivinjari) au kwa SSH (kuandika amri ukiwa mbali).
- Kujua seva ni ya aina gani: Apache, LiteSpeed au Nginx. Muulize anayekuuzia nafasi ya tovuti. Ni swali la dakika moja.
- Cheti halali. Cha Let's Encrypt hakilipiwi na kinatosha kabisa. Cheti ulichojitengenezea mwenyewe hakifai kwa kazi hii. Sababu iko mbele.
- Kompyuta yenye Chrome au Firefox, na simu ya bei ya kawaida yenye bando. Usipime kwa simu kali na Wi-Fi ya ofisini peke yake.
- Nakala ya faili la `.htaccess` au la mipangilio ya Nginx kabla hujaligusa. Ipakue iwe kwenye kompyuta yako.

Hatua ya 1: Angalia hali ilivyo sasa

Fungua tovuti yako kwenye Chrome, bonyeza F12, nenda kwenye kichupo cha Network. Hakikisha kisanduku cha Disable cache hakina tiki. Fungua ukurasa, kisha bofya kiungo cha ukurasa mwingine wa tovuti hiyohiyo, halafu rudi kwa kubofya kiungo. Tazama safu ya Size. Faili lililotoka kwenye akiba linaandikwa "disk cache" au "memory cache" badala ya ukubwa wake.

Bofya faili moja la CSS na usome heda za jibu, yaani maelezo mafupi ambayo seva huyatanguliza kabla ya faili lenyewe. Unatafuta nne: `Cache-Control` (maagizo ya kache), `Expires` (mwisho wa muda wa kuhifadhi), `ETag` (alama ya toleo la faili) na `Last-Modified` (tarehe ya kubadilishwa). Ukipenda kutumia terminali:

```
curl -I https://tovuti-yako/css/mtindo.css
```

Kama hakuna `Cache-Control` wala `Expires`, kivinjari kinakisia chenyewe, kwa kawaida kwa asilimia 10 ya muda uliopita tangu faili libadilishwe. Picha uliyoipakia siku 100 zilizopita itahifadhiwa kama siku 10. Uliyoipakia leo asubuhi, dakika chache tu. Ndiyo maana tovuti zisizopangwa huonekana kama zina kichaa, huyu anaona kipya na yule anaona cha zamani.

Hatua ya 2: Gawa vitu vyako mafungu matatu

Fanya hili kwa karatasi na kalamu kabla ya kuandika msimbo wowote. Tuchukue tovuti ya nyumba ya wageni iliyoko Raskazone, inayopeleka pia wageni Mapango ya Amboni, Kisiwa cha Toten na magofu ya Tongoni.

Fungu la kwanza ni vitu vya umma visivyobadilika: picha za mapango, nembo, CSS, JavaScript, fonti. Hivi vikae mwaka mzima.

Fungu la pili ni kurasa za umma zinazobadilika: bei za vyumba, saa za boti, tangazo la mwisho wa wiki. Hizi zihifadhiwe, lakini kivinjari kiulize seva kabla ya kuzionyesha.

Fungu la tatu ni vya mtu binafsi: ukurasa wa nafasi aliyoweka mgeni, stakabadhi, akaunti, nakala ya kitambulisho. Hivi visihifadhiwe popote.

Ukishindwa kuamua kitu kiende fungu gani, kipeleke fungu la tatu mpaka upate uhakika. Kuchelewa kidogo kunavumilika. Nakala ya kitambulisho cha mtu kubaki kwenye kompyuta ya watu haivumiliki.

Hatua ya 3: Yape mafaili majina yenye toleo

Hii lazima itangulie heda, na ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Ukishamwambia mgeni ahifadhi `mtindo.css` kwa mwaka mzima, huna namna ya kumpigia simu kumwambia limebadilika. Kwa hiyo jina ndilo libadilike: `mtindo-1.css` leo, ukirekebisha rangi liwe `mtindo-2.css`, na ukurasa wa HTML uelekeze kwenye jina jipya. Kivinjari hakijawahi kuliona jina hilo, kitalipakua.

Unaweza pia kuandika `mtindo.css?v=2`; vivinjari huichukulia kuwa anwani tofauti. WordPress hufanya hivyo yenyewe kwa `?ver=` kwa mitindo na skripti zilizosajiliwa sawasawa. Picha je? Picha haziwekewi. Ukibadilisha picha ya chumba, ipakie kwa jina jipya, usiifunike ya zamani.

Hatua ya 4: Andika heda

Kwa Apache au LiteSpeed, weka haya kwenye `.htaccess`:

```
<IfModule mod_headers.c>
  <FilesMatch "\.(css|js|woff2|jpg|jpeg|png|webp|svg)$">
    Header set Cache-Control "public, max-age=31536000, immutable"
  </FilesMatch>
  <FilesMatch "\.html$">
    Header set Cache-Control "no-cache"
  </FilesMatch>
</IfModule>
```

Namba 31536000 ni sekunde za siku 365. `immutable`, iliyosanifiwa mwaka 2017, inakiambia kivinjari kisiulize hata mgeni akibonyeza kitufe cha kupakia upya. Firefox inaiheshimu kwenye HTTPS tu. Kwa hiyo hapa tovuti salama inapata kitu ambacho tovuti isiyo salama haipati. Kivinjari kisichoijua kinaipuuza, haiharibu kitu.

Kuhusu `no-cache`, tulia hapa kidogo, maana ndipo wengi wanapoteleza. Amri hii haizuii kuhifadhi. Inakiruhusu kivinjari kihifadhi, lakini kila mara kiulize seva kwanza: "Nina nakala yenye `ETag` hii, bado ni sahihi?" Kama haijabadilika, seva inajibu 304 bila kutuma mwili wa ukurasa. Ukurasa wa kilobaiti 80 unathibitishwa kwa heda chache tu. Inayozuia kuhifadhi ni `no-store`, na hiyo ni ya fungu la tatu peke yake. Nimeona tovuti za shule ambazo kila faili, hadi nembo, limewekewa `no-store` kwa sababu mtu aliambiwa "ni usalama". Hakuna siri kwenye nembo ya shule. Kinachopatikana hapo ni wazazi kuchoma MB bure siku ya matokeo, na seva kuzidiwa siku hiyohiyo inapohitajika.

Kwa Nginx:

```
location ~* \.(css|js|woff2|jpg|jpeg|png|webp|svg)$ {
    add_header Cache-Control "public, max-age=31536000, immutable";
    add_header Strict-Transport-Security "max-age=31536000" always;
}
```

Onyo kwa wa Nginx: ukiandika `add_header` hata moja ndani ya `location`, zile zote ulizoandika juu kwenye `server` hazirithiwi tena hapo. Ndiyo maana nimeirudia `Strict-Transport-Security`, inayokiambia kivinjari kitumie HTTPS tu. Heda hiyo iandike kama tu tayari ulikuwa nayo. Mtu anapanga kache, anafurahi tovuti inakimbia, kumbe amefuta heda zake za usalama kwa mkono wake. Jaribu mipangilio kwa `nginx -t` kabla ya kuipakia.

Hatua ya 5: Funga kurasa za mtu binafsi

Hapa usiwe na haraka. Fikiria mgeni aliyeingia kafe ya Ngamiani kuchapisha stakabadhi yake ya chumba. HTTPS imemlinda vizuri njia nzima. Anaondoka. Anayekaa kiti kilekile anabonyeza kitufe cha kurudi nyuma, na ukurasa wenye jina, namba ya simu na tarehe za safari unafunguka kutoka kwenye akiba. Cheti chako hakikuhusika na hilo kwa lolote. Data ilishafika na kufunguliwa. Aliyetakiwa kuzuia ni wewe.

Kwenye PHP, kabla ya kutoa herufi yoyote:

```
<?php
header('Cache-Control: no-store');
```

Sasa tazama tena msimbo wa hatua ya 4. Unasema kila `.jpg` ni ya umma kwa mwaka. Je, wageni wako wanapakia picha za vitambulisho vyao kwenye folda ya tovuti? Basi nazo umeziingiza kwenye agizo hilo. Zihamishe folda hizo nje kabisa ya `public_html` (folda inayofikiwa na umma), na zitolewe na PHP baada ya kuhakiki aliyeingia, zikiwa na `no-store`. Kuficha kwa jina refu la faili hakutoshi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na anayekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda, awe na vyumba vinne au hoteli nzima. Hata pasingekuwa na sheria, watu hao wamekuamini.

Hatua ya 6: Lete fonti na maktaba kwenye seva yako

Ushauri wa zamani ulikuwa: chukua jQuery (maktaba ya JavaScript) au fonti kutoka seva ya pamoja inayotumiwa na tovuti nyingi, kwa kuwa mgeni tayari anayo kwenye kache. Usifuate tena. Chrome tangu toleo la 86 la mwaka 2020, na Firefox tangu toleo la 85 la mwaka 2021, hutenga akiba ya kila tovuti, Safari ilitangulia. Maktaba iliyohifadhiwa mgeni akiwa kwenye tovuti nyingine haitumiki kwako. Unachobaki nacho ni muunganisho wa ziada wa usimbaji kwenda kwa seva ya pili. Pakua faili, liweke kwako, lipewe mwaka mmoja kama mengine.

Hatua ya 7: Pima tena, kwa simu

Rudia hatua ya 1. CSS na picha zisome "disk cache" au "memory cache", HTML isome 304 au ukubwa mdogo sana, ukurasa wa akaunti usome 200 (umetumwa mzima) kila mara. Kisha chukua simu, zima Wi-Fi, fungua tovuti mara ya kwanza na ya pili ukitazama matumizi ya data kwenye mipangilio. Tofauti utaiona bila kuelezwa. Ukiweza, fanya hivyo mahali ambapo mtandao ni wa kusuasua.

Mambo yakikwama

*Kila kitu kinapakuliwa upya kila mara.* Kwanza tazama tiki ya Disable cache. Pili, huenda uko kwenye dirisha la faragha ambalo umelifunga na kulifungua tena. Akiba yake hufutwa likifungwa. Tatu, cheti: kikiwa na kasoro, kimeisha muda au umejitengenezea mwenyewe, Chrome haihifadhi majibu yake, hata ukibonyeza kuendelea. Mtu anajaribu kwenye kompyuta yake kwa cheti cha kujitengenezea, anaona kache haishiki, anatangaza kwamba HTTPS haina kache. Jaribu kwa cheti halali ndipo uhukumu.

*Kurasa za kawaida zina `no-store` ambayo hukuiandika, na `Expires` ya tarehe 19 Novemba 1981.* Tarehe hiyo ya ajabu ni ya PHP. `session_start()` huituma yenyewe pamoja na `no-store`. Ukiiweka kwenye faili la juu linaloitwa na kurasa zote, tovuti nzima imefungwa kache. Iite kwenye kurasa zinazohitaji kuingia tu.

*Kosa la 500 baada ya kuhifadhi `.htaccess`.* Umekosea herufi, au mabano hayakufungwa. Rudisha ile nakala, tovuti iwe hewani, kisha tafuta kosa kwa utulivu.

*Heda hazionekani kabisa.* Huenda seva hairuhusu `.htaccess`, au kuna Nginx mbele ya Apache inayotoa picha na CSS bila kulisoma faili lako. Mwandikie anayekuuzia nafasi, mtumie matokeo ya `curl -I`. Ukimtumia hayo utajibiwa haraka kuliko ukisema "kache haifanyi kazi".

*Unatumia Cloudflare na mabadiliko hayatokei.* Huduma ya aina hiyo hukaa kati ya mgeni na seva yako, hufungua usimbaji kwa ruhusa yako na ina kache yake. Futa akiba kule kwanza, ndipo ulaumu kivinjari.

*Umeshawatumia watu HTML yenye mwaka mzima.* Hili ni gumu. Sahihisha heda leo, ili wanaokuja wasinaswe. Kwa walionaswa, tuma heda `Clear-Site-Data: "cache"`, inayokubaliwa kwenye HTTPS peke yake, lakini itamfikia mtu pale tu kivinjari chake kitakapoomba kitu chochote kutoka kwako, kwa hiyo iweke kwenye majibu yote, pamoja na ya kurasa zinazohitaji kuingia. Walioko karibu waambie wabonyeze Ctrl+F5.

*Umehama kutoka HTTP kwenda HTTPS, na baadhi ya watu wanazungushwa au wanapelekwa anwani isiyo sahihi hata baada ya kurekebisha.* Uelekezaji wa 301, yaani wa kudumu, nao huhifadhiwa na kivinjari, na bila muda maalumu unaweza kukaa sana. Kwako futa akiba ya tovuti hiyo kwenye mipangilio ya kivinjari. Kwa wengine, ifanye ile anwani waliyopelekwa kimakosa iwarudishe mahali sahihi. Uhamisho unaofuata uanzie na 302, yaani ya muda, ambayo haihifadhiwi mpaka uagize. Iache siku chache, jaribu kwa www na bila www, kwa simu na kwa kompyuta, ndipo uibadilishe iwe 301.